Bahari ya Wastani

Jirani yangu nilianza kumdharau muda mrefu kabla hajaleta bahari mtaani kwetu Kilakala, Morogoro. Alipoileta na kuiweka sebuleni mwake ndani ya kioo, dharau yangu ilipata tu mahali pa kukaa. Namwita Mkaguzi kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu, kukagua shule, na kwa sababu baada ya kustaafu hakuiacha. Alikagua uzio wangu wa michongoma. Alikagua namna muuza mkaa anavyofunga gunia. Msibani kwa jirani mmoja alikagua hata kaburi likichimbwa, akawaambia wachimbaji kwamba upande wa kushoto umepinda, na kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sitasema. Yeye mwenyewe ameshayasema hayo kwenye kila harusi ya mtaa huu.

Ni mtu mfupi, msafi, wa shati jeupe la mikono mifupi. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na ile ya bluu sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Shikamoo aliidai hata kwa watu wa rika lake. Mimi nimepishana naye miaka michache tu, lakini nikimwambia "Habari za asubuhi" alikuwa ananyamaza, anasubiri, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi ajisahihishe. Nami nilikuwa namwacha asubiri. Tumewahi kusimama hivyo getini mpaka mkewe akatoka kuuliza kama kuna mtu amefiwa.

Neno lake kubwa lilikuwa wastani. Nililisikia mara ya kwanza alipokuja kukagua shule niliyokuwa nafundisha sayansikimu. Wasichana wangu siku ile walipika maharage ya nazi na wali, jiko lilikuwa safi hata ukidondosha tonge ungeokota ukala. Nilimkaribisha aonje. Akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniuliza kwa nini sikusimama alipoingia. Nikamwambia nilikuwa nakoroga. Akahesabu: jiko safi, chakula kitamu, mwalimu mkaidi. "Ukijumlisha na kugawanya," akasema, "wewe ni wastani." Shule ya jirani ilikuwa na bweni jipya upande mmoja na paa lililoanguka upande wa pili, nayo akaipa wastani. Watoto waliokuwa wakilala chini ya lile paa wangepaswa kufarijika kwamba wenzao ng'ambo ya uwanja hawavujiwi.

"Wastani haudanganyi," ndivyo alivyokuwa anasema, akiinua kidole. Mimi nimefundisha kupika maisha yangu yote. Ukipika maharage, upande mmoja yakawa hayana chumvi kabisa na upande wa pili yamekolea hadi ulimi unakunjamana, hujapika maharage ya wastani. Umeharibu chungu. Lakini huwezi kumweleza hilo mtu ambaye serikali imemlipa mshahara na posho ya safari kwa miaka yote hiyo ili agawanye kwa mbili.

Bahari ilikuja baada ya kustaafu. Alikuwa ameona tangi la samaki kwenye hoteli moja Dar es Salaam, si la samaki wa maji baridi hawa wa kawaida, bali la matumbawe hai na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Akarudi amerukwa na akili. Mafundi walijenga msingi wa tofali sebuleni, pale lilipokuwa kabati la vyombo la mkewe, Mama Zuhura. Kabati likahamishiwa kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea chooni, vikombe vyake vya harusi vikawa vinatetemeka kila mtu akienda kujisaidia. Mama Zuhura hakusema kitu. Ni mwanamke wa milimani, Mluguru wa juu ya Mkuyuni, mpole wa sauti, na mtu asiyemjua angedhani upole ule ni ridhaa.

Kisha likaja suala la kuchagua maji. Kijana aliyemuuzia samaki Dar alimwambia ayaweke kama yeye kwenye matangi ya dukani, gramu ishirini na nane za chumvi kwa lita na joto la nyuzi ishirini na nane, maana ndivyo samaki wake walivyozoea. Video moja aliyoiangalia ya mzungu ilisema matumbawe yanataka gramu thelathini na tano, na joto lisizidi ishirini na tano. Mtu mwingine angeuliza kwa nini hawa wawili wanatofautiana. Angegundua kwamba muuzaji anapunguza chumvi kwa sababu zake za dukani, kwa kuwa samaki wanakaa kwake wiki moja na wadudu wa ngozi hawapendi chumvi ndogo, na kwamba matumbawe ni kiumbe mwingine mwenye haja nyingine. Mkaguzi hakuuliza. Alichukua kalamu nyekundu, akajumlisha, akagawanya. Chumvi thelathini na moja na nusu. Joto ishirini na sita na nusu. Akaniita nije nione maji ambayo hayakuwa ya muuzaji wala ya mzungu.

"Ya nani sasa?" nikamuuliza.

"Ya kwangu," akasema. "Bahari ya humu ndani naipangia mimi."

Na kweli aliipanga. Mchana jua la Morogoro liliingia kwenye dirisha lake la magharibi, maji yakapanda hadi thelathini na moja. Usiku alizima mitambo yote, kwa maelezo kwamba viumbe nao wanahitaji kupumzishwa kelele, akafungua madirisha, na upepo wa Uluguru ukashuka ukaingia. Alfajiri za kipupwe maji yalikuwa nyuzi ishirini na mbili. Alipima asubuhi, akapima alasiri, akagawanya kwa mbili, akapata ishirini na sita na nusu kamili, akafurahi kama mtu aliyefunga bao. Matumbawe yalianza kupauka kwenye ncha. Yeye akasema yanazoea.

Nisimwonee. Mtu huyu alikuwa na subira ambayo sijapata kuiona kwa mwanamume mwingine yeyote, ila aliimalizia yote kwa samaki. Samaki mpya alipoletwa ndani ya mfuko wa nailoni, Mkaguzi hakummwaga tangini. Aliuacha mfuko uelee juu ya maji ili joto lilingane. Halafu akakaa kwenye kigoda, akawa anachota maji ya tangi kwa kikombe kidogo cha kahawa, anatia kwenye mfuko kidogo, anangoja, anatia tena, ili samaki aizoee chumvi polepole. Muda wote huo alizungumza kwa kunong'ona. Siku moja nilikuwapo, nimekwenda kumwona Mama Zuhura, naye akatunyamazisha kwa mkono.

"Kiumbe habadilishiwi maji ghafla," alisema. "Anapata mshtuko. Anaweza kufa."

Mama Zuhura alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mimi ulinipeleka Sumbawanga kwa taarifa ya siku moja," alisema. "Nina mimba ya Zuhura."

"Ile ilikuwa amri ya kazi," akasema Mkaguzi.

"Na Singida. Na Lindi."

"Mama Zuhura, samaki anasikia kelele."

Akarudi kwenye mchele wake. Nami nilibaki namwangalia yule mzee na kikombe chake, na ninakiri kwamba nilitamani samaki afe. Hakufa. Alikuja kufa baadaye mwenzake, na Mkaguzi alimlilia machozi ya kweli, akafuta kwa mkono wa shati, akamzika chini ya mpapai. Kwa mkewe nilimwona akitoa leso mara moja tu, mkewe alipopaliwa na mwiba, na hata hapo alimwelekeza namna ya kukohoa.

Maji ya kuchanganyia chumvi hakuyachukua bombani, maana dawa ya bomba ingeua. Aliyachukua kwenye chemchemi juu ya Mkuyuni, kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Kila mara alikwenda na pikapu yake chakavu na madumu ya manjano nyuma, akarudi anajisifia "maji yetu ya mlimani", "shamba letu la mlimani". Hakuna kilichokuwa chake huko. Kwa Waluguru ardhi inafuata mama, na mkwe ni mtu anayekaribishwa uji. Wajomba wa Mama Zuhura walilijua hilo, yeye alilijua hilo, na walimwachia aseme kwa sababu ni watu wenye adabu. Mama mkwe, bibi mkongwe ambaye mgongo ulikuwa umemwinamisha hata anaongea na ardhi, alikuwa akitoka kila akisikia pikapu na kuuliza kama bintiye amekuja. Mara nyingi bintiye hakuja. Dumu lilichukua nafasi.

Sasa nifike kwenye kile kiangazi.

Mashine ya kupoza maji, aliyoinunua joto la mchana lilipozidi hata hiyo thelathini na moja, iliungua, umeme ulipokatika na kurudi mara kadhaa ndani ya mchana mmoja. Mpya ilibidi iagizwe. Wakati inasubiriwa, Mkaguzi alibuni mpango: chupa za plastiki zijazwe maji, zigandishwe kwenye friji, na kila alasiri zitiwe tangini moja moja zielee, ikiyeyuka hii inaingia ile. Mpango haukuwa mbaya. Ila alasiri ndiyo saa yake ya kahawa na wastaafu wenzake, kule wanakojadili nchi ilikokosea, na hakuwahi kuikosa. Kwa hiyo mwenye chupa akawa Mama Zuhura. Kutoka adhuhuri mpaka jua linapozama nyuma ya miti hakuweza kutoka nyumbani, hata kuja kwangu kuvuka michongoma. Tuliongea kupitia uzio, yeye amelowa mikono mpaka kwenye viwiko, inanuka bahari.

Ndipo wakapiga simu kutoka mlimani. Mama yake ameanguka. Anaongea, lakini hali chakula, na anamuulizia.

Nilikuwa kwao jioni ile. Mama Zuhura alikuwa amekwisha kufunga kanga zake mbili kwenye mfuko.

"Nakwenda kesho," alimwambia mumewe.

"Utakwenda," alisema Mkaguzi. "Nani amekukataza? Nasema subiri mvua ya kwanza. Joto likishuka, hizi chupa hazitahitajika, utakwenda ukae hata mwezi."

"Mama anaumwa sasa hivi, mume wangu."

"Mwezi uliopita alikuwa mzima, leo mgonjwa. Umri ule ndivyo ulivyo, leo chini, kesho juu. Ukichukua kwa wastani, mama yuko vizuri."

Nilimwambia akae yeye na chupa zake. Kahawa haitamkimbia. Akanitazama kwa upole wa mtu anayeongea na mwanafunzi mzito.

"Mwalimu," alisema, "wewe sayansi yako iliishia jikoni."

Mama Zuhura alisubiri. Swali la kwa nini alisubiri nimeulizwa na wengi, hasa wanawake vijana, na huwa nawaambia waolewe kwanza na mtu anayeongea taratibu. Mwanamume anayepiga kelele unaweza kumkimbia. Huyu alikuwa na sababu kila mara, na sababu zake zilikuwa na namba. Akawa anatia chupa, anatoa chupa, anatazama juu mlimani kama kuna wingu. Simu ikipigwa anakimbia nayo uani. "Mwambieni nakuja," alikuwa anasema. "Mwambieni mvua ikinyesha tu."

Mvua haikunyesha. Bibi alikufa asubuhi, akiuliza kama ile ni pikapu.

Tulikwenda msibani na pikapu hiyohiyo, sisi watatu mbele, Mama Zuhura katikati. Barabara ya Mkuyuni mnaijua. Kila kona, nyuma kulikuwa na mlio wa kitu kitupu kinagongana na kitu kitupu. Mama Zuhura hakuwa amelia tangu asubuhi. Tulipokaribia kupanda akanishika goti.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nini, dada?"

"Madumu."

Niligeuka nikatazama kwenye kioo kidogo cha nyuma. Yalikuwa pale, manjano, yote. Nikamwangalia Mkaguzi. Mikono yake ilikuwa sawasawa kwenye usukani.

"Njia ni hiyo hiyo," alisema, "petroli ni hiyo hiyo."

Nimekaa na dharau nyingi maishani, baadhi ninazijutia. Hii hapana. Walizika adhuhuri. Sisi wanawake tulikuwa mkekani uani wanaume waliporudi kutoka makaburini, na nilimwona Mkaguzi anapita pembeni ya nyumba, dumu mkono huu na dumu mkono huu, suruali ikiwa bado na udongo wa kaburi magotini. Mjomba mkubwa wa Mama Zuhura alikuwa ameketi njiani. Alimtazama.

"Baba, maji hayo ya wapi?" aliuliza, kwa sababu mkwe huitwa baba hata kama amekushinda.

"Ya tangi, mjomba. Yamepungua."

Yule mzee alifikiri kidogo, kisha akavuta miguu yake ili njia iwe wazi.

"Chota, baba," alisema. "Maji hayanyimwi mtu."

Akachota. Mtu mwenye aibu angeyaacha yale madumu palepale kwenye mgomba. Yeye alikwenda na kurudi mpaka yakajaa yote, akayafunga vifuniko, akamwambia mkewe kwamba ataondoka jioni kuwahi samaki na atamfuata baada ya siku tatu. Mama Zuhura alimwitikia vizuri tu. Alimwambia, "Usinifuate." Yeye akadhani anamwonea huruma kwa ajili ya safari.

Mama Zuhura hakushuka baada ya siku tatu wala baada ya arobaini. Wajomba walimkabidhi nyumba ya mama yake na shamba la ndizi lililo chini yake, pamoja na chemchemi, kama ilivyo haki yake, na pale hapakuwa na mahali mumewe angeweza kuinua kidole. Alipokwenda kumchukua alikaribishwa uji. Alipokwenda mara ya pili, tena uji, na madumu akaruhusiwa kuyajaza.

Huku chini, alasiri zilibaki bila mtu. Na bado hakuacha kahawa. Hilo ndilo siwezi kulimeza mpaka leo: mke amekwenda kwa sababu ya chupa zile, na yeye hakuweza hata kuzitia tangini mwenyewe. Maji yalipanda wakati anajadili nchi. Samaki walienda mmoja mmoja, kisha matumbawe yakageuka rangi ya mfupa, tangi likanuka hata michongoma yangu ikanuka. Nilimwuliza kupitia uzio joto la maji lilikuwa ngapi. Akanijibu kwamba kwa wiki nzima wastani ulikuwa mzuri.

Nilimwona kwa karibu mwezi uliopita, baada ya muda mrefu wa kupishana bila salamu. Mama Zuhura alikuwa amenituma cherehani yake, gari la ndugu yake lingepita kuichukua. Nilibisha geti. Akafungua mwenyewe, shati jeupe, kola imefuliwa vibaya, kalamu hakuna. Nikasema "Habari za asubuhi," nikajiandaa kusimama. Akasema, "Nzuri, mwalimu, karibu," nikakosa pa kuuweka ukaidi wangu.

Kabati la vyombo lilikuwa bado kwenye ukumbi wa chooni. Tangi lilikuwa linawaka taa. Mashine mpya ya kupoza ilinguruma taratibu, hita ilikuwa mahali pake, dirisha la magharibi limewekwa pazia zito. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba niliona ukuta wa nyuma kama hakuna kitu katikati. Na hakukuwa na kitu. Hakuna samaki, hakuna tumbawe, hata kikonokono cha kwenye kioo.

"Angalia," akasema, akaniletea kipimo karibu na miwani yangu. "Chumvi thelathini na tano. Joto ishirini na sita. Asubuhi, mchana, usiku, ni hilo hilo. Halichezi."

"Umeacha wastani?"

"Wastani ulikuwa unanidanganya," alisema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona. "Kiumbe haishi kwenye wastani, mwalimu. Anaishi kwenye lile joto la saa ile ile aliyomo."

Ninakiri nilikaribia kumhurumia. Nilishika hata kiti nikae. Ilikuwa ni kweli, ilikuwa imemgharimu kila kitu, na alikuwa ameifikia peke yake katika nyumba tupu. Angenyamaza hapo, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

"Sasa mwambie," akasema, "maji yametulia. Mwambie mashine imekuja, chupa hazihitajiki tena. Anaweza kurudi."

Niliachia kiti. Nikaingia chumbani, nikabeba cherehani mwenyewe, nzito vile vile, mpaka barazani. Alinifuata mikono mitupu.

"Kwani yeye huko," aliuliza nyuma yangu, "hali yake ikoje?"

Nilimfikiria Mama Zuhura nilivyomwacha juma lile. Asubuhi kabla jua halijatoka anakaa kwenye kitanda cha kamba cha mama yake, analia kwa sauti mpaka wajomba wanaondoka kwenda mashambani mapema kuliko desturi. Alasiri yuko chini migombani na wanawake wenzake, mikono mikavu, anacheka mpaka anakaa chini, kicheko ambacho mimi jirani yake wa miaka yote sikuwa nimewahi kukisikia. Yote hayo ningeweza kumweleza, na kwa mara ya kwanza nadhani angeelewa.

"Wastani," nikamwambia.

Nikaburuta cherehani mpaka nje, nikafunga geti taratibu, maana hapendi libamizwe.